Kassimu Alipozirudisha Fimbo Zako

Shomari, mdogo wangu,

Mie nasema, mjukuu wangu Mwanaidi anaandika. Nimemkataza kuyanyoosha maneno yangu, maana ungejua mara moja kwamba si mie.

Nyumba yako hapa Temeke tumeiezeka makuti mapya. Mkeo anakula. Hataki, ila anakula. Nakaa mbele yake mpaka sahani iwe nyeupe. Lakini nililokuitia ni la Kassimu, mwanafunzi wako.

Ulipotutoka, yeye ndiye aliyewashika watoto wako wa mchezo wa kirumbizi. Wakitoka skuli, kiwanjani, fimbo kwa fimbo, kama ulivyofundisha: kupiga, kukinga, kurudi nyuma bila kugeuza mgongo. Kisha mwezi jana akaja kwangu, fimbo zote kazifunga kamba. "Shikamoo, bibi. Nazirudisha." Kumbe mkewe ana mimba, na yeye kutwa anabeba magunia bandarini. Jioni inambidi akakate kuni auze. Wazazi wanampa ahsante, na ahsante haiingii chunguni. Sikumlaumu. Wewe ulikuwa na minazi yako, yeye ana mabega tu.

Nikazipokea. Nikaenda kiwanjani kuwaambia watoto warudi kwao, mchezo umekwisha.

Shomari, nilikuwa sijapata kukanyaga pale. Nikikusikia tu ukija kula: "Dada, leo wamecheza." Nikawakuta wanacheza na vijiti vya mpera, hakuna mkubwa hata mmoja. Hamadi alikuwepo, yule wa Mwajuma, asiyepita mtaani bila kumliza mtoto wa mtu. Akamtandika mwenzake kijiti cha kiwiko, mlio niliusikia. Nikajifunga kanga nikaamue, nikijua sasa ni meno na mawe.

Hamadi akaweka kijiti chini. Akapiga magoti. Akaushika ule mkono, akaukanda taratibu kama mkunga anavyomkanda mzazi. "Hapa? Au hapa?" Mwenzake analia na kumtukana, "Mkono kama mchi, mshenzi wewe," naye anakanda tu. Wengine wanangoja. Nikauliza nani kawaamuru. Kitoto kimoja kikanishangaa mie: "Bibi, aliyepiga ndiye anayekanda. Mwalimu Shomari alisema."

Nikakaa pale pale mchangani. Nimezaa, nimelea, nimechapa mpaka bega likauma. Sijapata kuona watoto wakimtii mtu aliye kaburini.

Sikuwafukuza. Nilipita nyumba hadi nyumba. "Mwanao anafunzwa adabu na nani, na wewe? Basi mwalimu ale." Mwajuma akaanza kunililia shida zake. Nikamwambia, leo nimemwona Hamadi kampiga mwenzake, kisha kapiga magoti anamkanda. Alinitazama kama nimelewa. Kisha akaingia ndani, akatoka na unga. Sasa kila nyumba ina zamu yake ya kupeleka chakula kwa Kassimu na mkewe, na kuni hakati tena. Fimbo nilimpelekea mwenyewe. Akataka kusema neno, nikamwambia, "Kamata, baba, zinaniumiza kichwa."

Ulikuwa na miguu kama ya korongo, Shomari, na sauti ya kuazima. Uliwafanyaje wale watoto? 

Lala, mdogo wangu, Mungu akulaze palipo baridi. Zamu ya Ijumaa ni yangu. Na maadamu mkono huu unaweza kukuna nazi, mwalimu wa wale watoto hatasimama mbele yao na njaa.

Dada yako