Mashine Iliyoharibika Bila Kuzunguka

Nyalukemba, Bukavu

Mjukuu wangu Furaha,

Amani ya nyumba hii ikufikie huko Kinshasa unakoishi peke yako. Nyanya yako ni mzima, ila goti linamsumbua.

Umeniuliza kwa mara ya tatu jinsi ya kubadilisha mkanda wa mashine yako ya msasa. Nitajibu, lakini kwanza nikusimulie jambo.

Wakati wa vita, nyanya yako na watoto walikimbilia mbali. Nikabaki peke yangu katika karakana yangu ya Kadutu. Jirani yangu Rafaeli, seremala aliyeachwa vivyo hivyo, aliniletea mashine yake ya msasa iliyochakaa. Nilibadilisha beringi, nikamkabidhi. Juma lililofuata akarudi nayo.

"Papa Edmondi, iko inapiga kelele tena."

"Nitaisikia namna gani, Rafaeli? Umeme haiko."

"Utaisikia tu, Papa."

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu siku nilipomkabidhi. Mashine isiyozunguka haichakai: hoja hiyo ilikuwa kamili, nami niliizuia ulimini. Ningeitamka, asingekuwa na sababu ya kurudi, na mimi nisingezungumza na mtu hadi Jumapili kanisani. Nilifungua skrubu zote nne, nikazifunga tena polepole, huku tukiongea.

"Bado haijapona," nikamwambia. "Uirudishe kesho kutwa."

Sasa, mkanda: mshale uliochapwa ndani yake ufuate upande ambao roli inayouvuta mkanda huzungukia. Hilo nimekwisha kukuandikia mara mbili. Ukisahau tena, uniulize.

Babu yako,
Edmondi