Pumzi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi mji huu mzima. Naandika na mkono hautetemeki! Nyumba yote yangu. Redio yangu, kochi langu, sufuria nikitaka naosha, nisipotaka inakaa. Hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi. Wenzangu wanarudi kwa wake zao wakinyata kama wezi — mimi naingia nikipiga mluzi. Na juu ya yote hayo Mungu kanipa pua. Shule tuliachana mapema, lakini pua hii ina digrii.

Leo kazi mpya ya kusaka harufu mbaya nyumbani kwa watu. Mkunga mstaafu, mama mtu mzima, macho yake yanakuona mpaka mifupa. Sebule yake inanuka uvundo. Kapulizia manukato, kafua mapazia, kabadilisha zulia — wapi! Mashoga zake wanakuja kwake kunywa chai kila Jumamosi. Juzi mmoja kaweka leso puani, hakuitoa mpaka chai ikaisha. "Nikajua na chai zetu ndiyo basi," kaniambia. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwomba atoke. Nikafunga mlango na madirisha, nikatoka na mimi, nikazunguka nje mpaka pua isahau. Halafu ndiyo nikaingia. Pumzi ya kwanza ndiyo shahidi. Ya pili imeshakula rushwa. Ikanipeleka moja kwa moja nyuma ya meza ya televisheni. Nikagusa ukuta kwa mgongo wa mkono — baridi kama pua ya mbwa. Upande wa pili ni bafu. Nimekukamata, mshenzi wewe!

Jumatano, 5 Machi

Nimebomoa plasta. Bomba linatoa tone, linapumzika, linatoa tone, kama linalipwa mshahara. Ukungu mweusi, umeota mpaka manyoya. Nimebadilisha kiungo, nimekwangua hadi tofali, nimesugua dawa, nimeacha ukuta uchi ukauke. Mafundi wengine wangepaka rangi juu, wakala chao wakaondoka. Mimi si wa hivyo. Asubuhi nilifika na mvua, mchana jua kali, nikaondoka natembea kifua mbele.

Mkunga anapenda kuongea mtu akifanya kazi. Kaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia kanitangulia, huu mwaka wa pili, mimi nimebaki nakula maisha.  Baadaye kaniletea chai ambayo sikuomba.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapiga simu. Likizo hawaji. Eti mtoto wake akilala kwangu kifua kinambana. Kasema mara ya mwisho alikohoa mpaka wakaondoka hakujapambazuka, au nimesahau? Sijasahau. Nikamwambia hewa ya kwangu safi kuliko ya hospitali! Akasema, "Sawa, baba." Hiyo sawa-baba yake naijua, alirithi kwa mama yake. Maana yake si sawa.

Ni mumewe huyo anayemtia maneno. Mkwe gani huyo, akinisalimia anaangalia saa.

Haya. Kochi lote langu.

Nimepika wali wa kutosha watu wanne. Mkono umezoea.

Jumatatu, 10 Machi

Mkunga kapiga. "Fundi, imerudi."

Haiwezekani! Nimefika mbio. Nikazunguka nje, nikaingia — pumzi ya kwanza, sifuri. Mara ya pili, sifuri. Yeye kasimama pale kakunja uso. "Ipo, fundi. Haisikii dawa hii." Nikamwambia mama, pua ya digrii imesema hakuna. Akaniambia digrii hiyo nikaisomee tena.

Nimebandika kipande cha nailoni ukutani, nimeziba kingo zote. Ukuta ukiwa bado unalowa, kesho nailoni itakuwa na jasho kwa ndani.

Mji huu una midomo. Kazi moja ikiharibika nitaitwa fundi uvundo mpaka naingia kaburini.

Jumanne, 11 Machi

Nailoni kavu. Kavu kabisa! Nimelala chali na tochi chini ya makochi. Nimeingiza kioo nyuma ya kabati la vyombo. Nimenusa zulia nimepiga magoti kama mbwa wa polisi. Hakuna kitu.

"Tena ukiwepo wewe inazidi," mkunga kasema.

Nikamwambia labda imemkaa kichwani, watu wakiteseka sana na harufu huwa hivyo.  Kasema nije kesho.

Jumatano, 12 Machi

Kaniketisha. Kasema, "Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote, siogopi kusema jambo la mtu. Usinikasirikie."

Akaenda kibarazani akaleta koti langu. Kumbe ile siku ya jua nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wake! Jana nilipoondoka tu alilitoa nje, na leo sebule haina kitu. Mpaka nilipoingia.

"Ni koti. Na shati pia. Ni wewe, baba."

Nikacheka. Nilicheka sana! Nikasema mama, hata daktari anaambukizwa na wagonjwa, huu ni ukungu wa kazini umenirukia. Akatikisa kichwa. Kasema nguo ya kazini inanuka saruji na jasho. "Hili limekaa chumba kisichofunguliwa."

Akanishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho kushikwa mkono na mtu. Nikaaga haraka, hata chai sikunywa.

Nyumbani nikafunga kila kitu, nikatoka, nikazunguka mtaa mzima, nikaingia. Hakuna. Nikarudia. Jirani akauliza nimepoteza nini. Nikasema mbuzi.

Sina mbuzi.

Alhamisi, 13 Machi

Kila siku nawaambia wateja: pua ya mwenye nyumba haifai, imeshazoea, leteni ya mgeni. Leo nimekaa nafikiria nani mgeni wangu. Tangu mazishi aliyeingia humu, ukimtoa binti na mtoto, ni msoma mita ya umeme. Naye alisomea mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Toka Ijumaa niko nje ya mji, kwenye ghala la mahindi. Kazi yenyewe ndogo, matundu ya hewa yamezibwa na magunia. Nimesogeza magunia, kwisha! Lakini nimesema lazima nikae niangalie. Nalala kwa mlinzi. Anakoroma kama trekta bovu, anaongea usingizini, anamtukana mtu anaitwa Kocha. Nimelala vizuri ajabu. Asubuhi kaniuliza, mzee, ghala limepona, mbona huondoki? Nikamwambia pua inapumzika.

Ni kweli, isahau harufu ya kwangu. Lakini si hiyo tu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesimama mlangoni kwangu kama mdeni. Nikafungua.

Mungu wangu.

Uvundo mzito, mtamumtamu, kama gunia lililosahaulika na maji. Nimekuwa nalala humu! Nikafuata kama nyumba ya mteja. Jikoni siyo. Bafu siyo. Chumbani.

Tangu mke wangu azikwe nalala kochini. Chumbani naingia kutundika koti kwenye kishikio cha kabati lake, nafunga mlango, basi. Madirisha yalikuwa ya kwake. Kila asubuhi alikuwa anayafungua huku ananifokea, nitoke kitandani, nyumba ipumue. Nikazunguka nje kuangalia: mfereji wa paa umekatika pale pale, maji yote yanamwagikia ukuta ule. Mimi! Mfereji! Angekuwa mteja ningemsimulia mji mzima.

Nimefungua kabati. Magauni yake yameota manyoya ya kijivu. Ya nyuma yameshikana na mbao.

Wateja huwa nawaambia nguo ikifika hapa, tupa. Nawaambia hivyo huku natafuna karanga.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia binti. Nikamwambia mtoto alikuwa na haki ya kukohoa, ni nyumba. Na mumewe sina neno naye.   Nikasikia analia. Kasema aliniomba tugawe nguo za mama, mimi nikamfungia mlango. Sikumbuki hivyo. Labda.

Atakuja Jumamosi, peke yake kwanza. Aingie, anuse. Kukiwa safi, likizo mtoto atalala hapa.

Jumamosi! Ukuta haukauki kwa kubembelezwa. Lazima kabati litoke kesho.

Jumatano, 19 Machi

Mfereji tayari, nimeumaliza asubuhi. Magauni nimeyatoa yote, yako uani. La bluu nimelifua, nikalifua tena, bado. Sijatupa hata moja.

Mkunga alipiga jana kuuliza ninaendeleaje, kama nataka mtu wa kunisaidia anaye mpwa wake. Nikasema mama, misuli hii unaionaje? Akasema hajaiona. Nikamwambia sihitaji mtu.

Kabati ni la mbao za zamani, zito kama dhambi. Nimelisukuma kwa mgongo, kidogo kidogo, mpaka mlangoni. Hapo likapinda, likakwama. Nusu sebuleni, nusu chumbani. Na mimi niko upande wa chumbani! Dirisha lina nondo. Simu iko kochini.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Nimemwita jirani dirishani, hajarudi kutoka kazini. Nimevuta, nimesukuma, nimelitukana. Haliendi. Kabati hili linataka watu wawili, mmoja kila upande, hakuna ujanja mwingine.

Nimekaa sakafuni. Daftari lilikuwa mfukoni. Mbele yangu ukuta mweusi kutoka chini mpaka usawa wa kifua, na doa lina umbo la kabati.

Simu inalia sebuleni. Sijui ni binti au mkunga. Nimeitika kwa sauti, kama mjinga, kama vile atanisikia. Naam! Niko huku!

Imenyamaza.

Inalia tena.

Niliandika kwamba hakuna mwenye bahati kama mimi mji huu. Uongo. Niko peke yangu na sipendi.