Mama Alikuomba Mkono

Montalcaro, karibu na Pistoia
9 Novemba 1504

Mpendwa mdogo wangu Lapo,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mkeo Zanobia mko wazima huko Mantova, na kile kifua chako kimetulia. Sisi tupo. Zaituni tumeshachuma, mume wangu Vieri anakamua mafuta, na mgongo wangu unauma kama kawaida.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikitafuta mahali ulipouliza habari za baba. Sikupaona. Niliona hekima tupu. Unasema jicho ndilo linalopenda kwanza, na kwamba anayetazama kwa makini anapenda kuliko anayelia. Watu wa hapa wameshayadaka maneno yako. Hata muuza samaki aliniambia, "Dianora, una bahati wewe, umetoka tumbo moja na mwenye hekima." Nikamwambia apime samaki wake anyamaze.

Hekima hiyo usinifundishe mimi, Lapo. Nilikuwepo ilipozaliwa. Mama alikungoja wiki nzima na homa yake, kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Ulipoingia hukumbusu. Ulimtazama uso, ukaniambia, "Dada, fungua dirisha, mwanga hautoshi." Nikafungua, nikidhani unamtakia hewa. Nilipogeuka umeshatoa mkaa wa kuchorea na karatasi.

Mama akasema, "Lapo, nishike mkono, mwanangu."

Ukamjibu, "Ngoja kidogo, mama. Usigeuze kichwa."

Na hakukigeuza. Alikutii mpaka roho ikamtoka, macho yake ukutani. Mkono wake mwingine nilikuwa nimeushika mimi, lakini si mimi niliyeombwa.

Sasa uso ule uko kanisani kwetu, umempa Mtakatifu Anna uliyemchora ukutani. Siku picha ilipofunuliwa watu walilia, padri Ugolino akakusifu mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilitoka nje. Baba alibaki. Tangu hapo huenda kila asubuhi, anakaa mbele ya picha, anaieleza bei ya divai na nani kamwoa nani. Nilimwambia, "Baba, ile ni rangi tu." Akanijibu, "Najua. Niache."

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Baba ameanguka. Upande mmoja wa mwili umekufa, na padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa. Nilimuuliza anataka nini. Nilitegemea aniambie nikuite akulaani, maana tangu mazishi ya mama alikuwa hajalitaja jina lako. Akasema polepole, "Mwite Lapo aje anichore. Nataka kuwa pale ukutani na mama yenu."

Nilitoka uani nikapasua kuni mpaka viganja vikavimba. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwosha, ninayemgeuza, naye anakutaka wewe na mkaa wako. Nimemkasirikia yeye, nimekukasirikia wewe zaidi, na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba baba hakukosea. Yule pale ukutani ni mama kabisa. Hata ile dharau yake ndogo ya mdomoni ipo.

Basi njoo. Usinijibu kwa barua, panda nyumbu. Kitanda kipo, maharage yapo, ila mezani usinitafute, sitakaa nawe. Fanya haraka, maana mdomo wake umeanza kupinda naye anataka achorwe umenyooka. Ukimpa hilo nitakushukuru. Kukusamehe ni jambo jingine, na huko bado sijafika.

Msalimie Zanobia, ambaye hajanikosea kitu. Vieri anakusalimu, yeye hajui kuweka kinyongo. Baba hakutuma salamu, ametuma ombi tu.

Mungu akulinde njiani, na akuwahishe.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni,

Dianora