Dume Lililochinjwa Mapema

Ujerumani

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa, na Mayu, mama yetu, amepumzika na kile kikohozi. Mvua zimeanza huko Ushetu, au bado mnatazama juu? Mimi mwili ni mzima. Kulwa mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, soma taratibu. Usiruke kitu hata ukiona haya kwa ajili yangu.

Baba, barua yenu niliipata. Kulwa ameandika kwamba baada ya kusomewa habari zangu ulichinja lile dume jekundu, kaka Masanja akaja kutoka machimbo ya Geita, na katekista akaombea chakula akisema binti wa Ushetu amegundua kitu ambacho hata Wazungu walikuwa hawakijui. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Nikaikunja nikaitia mfukoni, maana siku hiyo nilikuwa tayari najua kwamba nilichowaandikia si kweli.

Ngoja nieleze. Kazi yangu hapa ni hamira, ile ile inayoumua maandazi. Kila chembe yake, ndogo hata jicho haliioni, ina kiini ndani, na ukuta wa kiini una matundu ya kupitishia vitu. Kila tundu limejengwa kwa protini nyingi zilizoshikana duara, pande nane. Tunataka kujua zinavyojipanga, ipi hutangulia kukaa na ipi hufuata. Mimi nilipata hamira ambayo protini yake moja ilikuwa imeharibika. Penye ubaridi iliishi. Penye joto matundu hayakujengeka, ikafa. Nikasema basi hii ndiyo inayotangulia, bila hii nyingine hazina pa kushika. Profesa wetu, mama wa maneno machache, aliniambia nisubiri, kuna jaribio moja limebaki. Sikusubiri. Nikawaandikia ninyi jioni ile ile.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unairudishia hamira jeni nzima, yaani maelekezo yasiyo na kasoro ya kuitengeneza ile protini. Kama ulisema kweli, inapona. Niliirudishia, ikafa. Nikadhani nimekosea mahali, nikarudia. Ikafa vilevile. Maana yake hamira yangu ilikuwa na ubovu mwingine nisioujua, na ile protini nilikuwa nimeisingizia tu.

Hapo ningesema, ningekuwa nimekosea kama watu wanavyokosea. Nilinyamaza wiki nzima, Baba. Meza ya pili kutoka yangu anakaa Pavel, kijana Mcheki ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Kazi yake yote alikuwa anaijenga juu ya hamira yangu. Kila asubuhi tunasalimiana, anawasha taa, anaanza kazi ambayo mimi najua ni ya bure. Namtazama tu.

Siku moja akaniita.

"Minza, njoo uone. Sipati ulichokipata wewe."

Nikainamia darubini.

"Nafikiri mikono yangu ndiyo mibaya," akasema. "Samahani, nitakuchelewesha na ule mkutano utakaoutangazia ugunduzi wako."

Baba, mtu niliyemtosa mwenyewe ndiye anayeniomba radhi! Nikamwambia, "Mikono yako haina tatizo. Hamira yangu ndiyo mbovu. Nimejua tangu wiki iliyopita."

Akazima taa ya darubini. Akavua koti lake jeupe, akalitundika, akatoka.

Nikaenda kwa Profesa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kukosea tunakosea wote," akasema. "Hamira nimekusamehe. Lakini hiyo wiki ya Pavel, nani atamrudishia?" Akatuma faksi mbele yangu kuwaambia wenye mkutano kwamba sitazungumza. Hakunifukuza. Nimeanza upya, nautafuta huo ubovu ulipo.

Mtoto wa Pavel amezaliwa, wa kike. Niliogopa kwenda, lakini kwetu mtu haachi kwenda kumwona mzazi. Nikanunua kiblanketi, nikaenda. Pavel alifungua, akanitazama, akanipisha. Mkewe aliniwekea mtoto mikononi. Sikujua pa kuelekeza macho. Pavel akaenda jikoni kutengeneza chai, nikamsikia anaosha kikombe kimoja muda mrefu sana.

Nakuomba, Baba, Jumapili watu wakitoka kanisani uwaambie waliokula ile nyama kwamba binti yako alikuwa na pupa. Katekista naye asilitaje jina langu kwanza. Najua ninakutwisha mzigo ambao si wako, na kuukwepa kwa kuwa niko mbali ni aibu nyingine.

Nisalimie Mayu, mwambie sweta lake silivui. Msalimie bibi, mpazie sauti asikie. Shangazi yangu wa Nyahanga mwambie vitenge vyake huku wanavisifia mpaka barabarani. Kaka Masanja ajihadhari na mashimo wakati huu wa mvua, udongo ukilowa hauna rafiki.

Baba, usiniandikie pole kabla hujafikiri. Kama umekasirika, Kulwa ayaandike maneno yako kwa Kisukuma kama yalivyokutoka kinywani, asiyalainishe. Nitayasoma yote.

Ni mimi mwanao,
Minza