Kuku wa Mama Masanja

Jumatatu, 3 Juni
Kuku wanne leo, hapa kijijini Lusu, Nzega. Ini, moyo, misuli ya kidari, kifuko cha mayai. Vipande vidogo, vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi, kisha barafu. Natafuta jeni ya follistatini, protini inayoikamata homoni ya aktivini na kuizuia isifanye kazi. Katika kuku wetu wa kienyeji, jeni hiyo imewashwa katika tishu zipi? Hilo tu.

Kuku wa mwisho aliletwa na Mama Masanja. Kabla ya kunikabidhi alimfungua mdomo, akamtemea mate. Maana yake naijua. Babu yangu alikuwa mfumu, mpiga ramli aliyesoma matumbo ya kuku. Mate hubeba swali. Mwanawe Masanja alikwenda machimboni, na tangu masika hajulikani alipo. Nilimpokea kuku hata hivyo. Nilihitaji tetea anayetaga.

Nilipomaliza akauliza, "Umeona nini, mwanangu?"

Nikamweleza habari za protini, kwa ufasaha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na Masanja?"

Nikapanda gari.

Alhamisi, 6 Juni
Maabara, Tabora. Nilikosea kumsimulia Mwajuma, mtaalamu wetu wa mashine.

"Shikamoo, mfumu mwenye digrii!"

Nikamhutubia kwa kirefu juu ya tofauti kati ya ushahidi na ramli.

"Sawa, kaka. Ila mama wa watu kakuuliza, na wewe hujamjibu."

Nawachukia watu wanaoshinda hoja bila kubishana.

Jumanne, 11 Juni
Matokeo. Kuku watatu: jeni iko juu katika kifuko cha mayai, chini katika ini. Kuku wa Mama Masanja: kimya, tishu zote. Tumerudia. Kimya.

Sababu ninayo. Macho ya wanakijiji yalinibabaisha, nikachelewa kuvitia vipande katika dawa, RNA, ile nakala ya jeni tunayoipima, ikaharibika. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Naiandika ili niweze kuisoma tena.

Nikivua glavu naona mikono ya babu. Wazee wake waliwapasulia kuku wapagazi kabla hawajaishika njia ya pwani. Wangapi waliambiwa nendeni salama? Wangapi hawakurudi? Sikuwahi kuwafikiria. Sasa wamejipanga nje ya mlango wa maabara na mizigo yao vichwani, wanasubiri.

Upuuzi. Lakini leo nimetokea mlango wa nyuma.

Jumatano, 12 Juni
Mama Masanja getini. Amekuja na basi la Nzega, amekaa chini, miguu imenyooshwa. Anasema aliyempasua kuku ndiye anayesema. Mfumu mwingine hawezi kulishika swali lililokwisha funguliwa.

"Nikingoja, nangoja nini? Nikilia, namlilia nani?"

"Mimi si mfumu, mama."

"Kisu ulishika wewe."

Akaondoka bila kuniaga. Siwaogopi wafu. Namwogopa mama huyu.

Jumamosi, 15 Juni
Lusu tena, bila vichupa. Nimemwambia nilipaswa kumkataa kuku wake. Nimemwambia kwamba juu ya Masanja sikuona lolote, jema wala baya, kwa kuwa sijui kusoma kinachosomwa humo. Kwamba swali lake nalirudisha mikononi mwake, aende nalo kwa amtakaye. Uongo ungekuwa rahisi zaidi. Nilikuwa nao tayari, mzuri, nimeupanga njia nzima.

Akauvuta ungo wa karanga.

"Mfumu angenidanganya," akasema. "Walau ningelala."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Tukabangua karanga mpaka jua likazama. Gari la kurudi hakuna. Amenitandikia chumba cha Masanja.

Jumapili, 16 Juni
Shuka lilikuwa limefuliwa karibuni. Nimelala usingizi mzito, na ninaona aibu.

Asubuhi aligonga mlango.

"Masanja, maji ya kuoga tayari."

Nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Hakuondoka, wala hakujisahihisha.

Nikaitika.