Mteja Aliyenitangulia

Mtoni, Temeke
Machi 1999

Dada yangu mpenzi Mwanakombo,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na maumivu ya miguu ya Mama yawe yamepungua. Mimi mwili wangu hauna neno. Mtoto anatambaa sasa, kila anachokiona anakitia mdomoni. Nimesikia nguruwe wameimaliza mihogo yenu, poleni sana. Unisamehe kwa ukimya wangu, na nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kabla hujamsomea Mama.

Habari za kwanza ni za lori. Limezimika tangu mvua za vuli. Unalijua, ni lile langu, moja katika yale mawili tuliyonunua mimi na kaka yetu Mwishehe kwa wakandarasi wa barabara walipofunga kazi na kurudi kwao. Watu walitucheka wakati ule, wakasema malori yanayoendeshwa kwa kompyuta nani atayatengeneza hapa. La Mwishehe lilikwenda naye Zaire, vita vikamkuta huko, na dereva mwenziwe akarudi kutuapia kwamba alimzika kwa mikono yake. Wewe mwenyewe ulikaa na mjane wake Naima eda yote, na wazee waliposhauriana nimwoe ili asitoke nyumbani kwetu, wewe ndiye uliyeniletea neno lao.

Nilimwita Gaspar, fundi Mchaga mwenye gereji Manzese. Aliifungua kompyuta ya injini, kisanduku cha bati unachoweza kukibeba kwapani, tukakuta ndani mumeota ukijani kama mtungi wa zamani. Maji yalikuwa yameingia. Gaspar akasema haitengenezeki, na kwamba injini bila kile kisanduku ni mwili bila akili: unaizungusha, inakohoa tu, haiwaki. Nitafute nyingine yenye namba ileile.

Nikaanza kuzunguka maduka ya spea zilizotumika. Duka la kwanza, palepale Manzese, hata sijafungua mdomo, mwenye duka akaniambia alishanijibu kwamba hana, kwa nini narudi. Nikamwambia sijawahi kukanyaga dukani kwake. Akacheka, akadhani natania. Nikaenda Mwenge, nyuma ya wale wachonga vinyago, na muuza spea wa huko akaniuliza kama mkono wangu umepona. Niliitazama mikono yangu yote miwili mbele yake, dada. Haikuwa na hata mkwaruzo. Naye akaitazama, kisha akarudi ndani pole pole na hakutoka tena.

Tandika kuna mama mmoja, Demetria, mjane anayeendesha duka aliloachiwa na mumewe. Yeye aliniamkia vizuri, akasema kompyuta ya namba ile bado hajaipata, na akanipa kofia. Alisema niliisahau mezani pake nilipokuja kuulizia. Niliivaa kwa kutaka kumwonyesha kuwa si yangu. Ilinikaa sawasawa. Ilinukia mafuta ya mkaratusi.

Nyumbani Naima aliichukua kuifua. Nikamwona amesimama karibu na beseni, kofia iko puani, hatikisiki. Aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeinunua mtumbani. Hakuitia majini.

Tangu siku hiyo hofu ikaniingia. Nikawa nikitembea najitazama kwenye vioo vya maduka. Nilimwona mwalimu wa msikiti wetu, akanisomea na kuniasa nisifuate kitu kinachonitangulia kwa sura yangu. Gaspar alipolisikia hilo alisema, "Shetani hanunui spea, Shomari. Kuna mtu ana lori kama lako." Halafu akawaza, akasema, bila ya kujua alilolisema, kwamba malori ya namna ile yaliingia nchini mawili tu.

Siku chache baadaye Demetria akaniletea habari. Kompyuta ilikuwa imepatikana kwenye mtambo wa mgodini wenye injini kama ile, uliochinjwa kuuzwa spea, lakini yule mteja mwingine alikwisha kuichukua. Alisema mteja mwingine, maana sasa naye alikuwa amekwisha kuelewa kuwa tu wawili. Akaniambia mtu huyo husomba mawe Boko.

Nilikwenda mchana, jua kali. Kule wanapopasua mawe ya chokaa kila kitu ni cheupe, miti, mabati, hata mbuzi. Mlinzi wa machimbo hakuniuliza niendako, alinipungia mkono tu kama mtu wa pale. Mama anayewapikia wapasuaji aliweka mbele yangu sahani ya ugali na maharage ambayo sikuiagiza, akaniuliza mbona leo nimekawia kula. Niliiacha palepale, nikaendelea ndani.

Lori lilikuwa nyuma ya rundo la kokoto. Lilipakwa rangi ya buluu, namba zilikuwa nyingine, lakini mimi nimeliosha lori lile mara ngapi? Boneti ilikuwa wazi. Chini yake akatoka mtu mweupe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, mweupe kama aliyetoka sandani, kitambaa kimefungwa mkononi. Nikajikuta nasoma shahada.

Akasema, "Usikimbie, Shomari. Ni mie. Sijafa."

Dada, ni Mwishehe. Yu hai. Nimemshika mikono yote miwili, ina joto.

Tulikaa kivulini mwa lori akanieleza. Kule Zaire askari waliwanyang'anya lori, na yeye akaanguka kwa homa. Mwenziwe alimwacha porini akidhani hatafika asubuhi, na nadhani habari ya kaburi aliitunga kwa aibu. Wanakijiji walimwokota wakamuuguza. Alivuka mpaka Zambia, akafanya kazi, na lori alilikuta baadaye limetelekezwa mpakani. Aliporudi hapa alikuja moja kwa moja Mtoni. Alimwona Naima uani anaanika nguo, ana tumbo kubwa. Akamuuliza muuza maji, naye akamtajia mumewe: Shomari.

"Nikageuza," akaniambia. "Ningeingia siku ile, ningetuua sote watatu, na wa nne tumboni."

Lori lake lilikuwa limeshikwa na ugonjwa uleule wa langu. Kisanduku alikuwa nacho kwenye kiti, amekifunga kwa khanga kuukuu, hajakifungua. Akanipakatisha mapajani. Alisema yeye anaweza kupasua mawe kwa nyundo, mimi nina mtoto. Nikamsihi tuondoke wote. Akataka jambo moja tu, nimwache amekufa kama alivyo.

Sasa naungama kwako, dada, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikichukua. Na nilipokuwa narudi, nilifurahi. Nilifurahi kwamba ndugu yangu wa tumbo moja hataki kurudi nyumbani. Furaha ile haikufika Mwenge, lakini niliionja, na sitaisahau ladha yake.

Gaspar alikifunga, na injini ikawaka papo hapo. Mafundi wakapiga makofi. Mimi nilisikia malori mawili. Nilimwambia Gaspar azime, akazima, nami bado nikawa nasikia moja linanguruma.

Siku zilizofuata sikuweza kumsogelea Naima. Nililala barazani nikisingizia joto. Ijumaa, baada ya swala, nikamweleza yote. Hakulia wala hakushangaa. Aliniambia alijua tangu aliponusa ile kofia. "Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia," akasema. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa shangazi yake Mbagala. Anasema hawezi kukaa nyumba ambayo hajui ndani yake yeye ni mke wa nani, mpaka masheikh waseme.

Nilirudi Boko kumchukua Mwishehe kwa nguvu. Lori liko palepale, boneti wazi, vumbi limeanza kulifunika, naye hayupo. Nilimuuliza mlinzi. Mlinzi akanitazama kwa huruma, akaniuliza mie mwenyewe nilikuwa wapi, kwamba wenzangu wamenitafuta. Nikamwambia mimi ni mdogo wake, tunafanana tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwitikia mgonjwa. Yule mama akaniletea sahani.

Dada, njoo. Mwishehe hakuwahi kukukatalia neno tangu utotoni, na ukikaa Boko naamini atajitokeza. Masheikh wakisema Naima ni wake, nitamkabidhi kwa mkono wangu. Wakisema vingine, nitasikia. Ninachokiogopa ni kuendelea hivi, watu wakinisalimu kwa habari zisizo zangu.

Kuhusu Mama, mweleze taratibu, akiwa ameketi. Najua kila Alhamisi jioni humsomea Mwishehe Yasini. Mwambie asimsomee tena kama maiti. Amwombee kama msafiri.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na umbusie Mama mikono.

Ni mimi mdogo wako,
Shomari