Baiskeli ya Zebedayo

Ipyana, 3 Julai 1912

Kwa mume wangu Zebedayo,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na binti yetu Asegelile ni mzima, meno manne yametoka. Wewe sijui, maana tangu uondoke mwezi wa Mei hujaandika. Jirani yetu Aliko amesikia kwa mabaharia wa meli kwamba uko Blantaya. Naandika Kiswahili kwa sababu ulisema barua ya Kinyakyusa ni ya washamba. Haya, soma ya mjini.

Nimechukia, mume wangu. Ulimtoa ng'ombe wa baba yako ukapewa baiskeli ya Mzungu mpima ardhi, ukatangaza kanisani kwamba utaiendesha kupita nchi ya Waingereza, ya Wareno na Rodesia, hadi Kepu kwenye bahari ya kusini. Watu wakakupigia makofi. Mpunga ukauacha umeiva, nami nimeuvuna peke yangu.

Sasa baba yako anaumwa. Miguu imevimba, hawezi kuinuka kitandani. Mwanawe ni wewe tu, na mimi mkwe wake ni mwiko hata kuuona uso wake. Miaka mitano nikimkuta njiani naingia majanini. Basi napika, naweka mlangoni, nakohoa, naondoka. Aliko ndiye anayeingia kumlisha. Rudi.

Mkeo,
Angetile


Blantaya, 14 Agosti 1912

Mke wangu mpendwa,

Ugonile, umelala salama? Na mtoto je? Mimi ni mzima kwa kusema tu. Tangu Karonga nimeisukuma baiskeli hii kuliko nilivyoipanda. Tairi limetoboka mara kumi na moja, nikalijaza nyasi, na sasa kila jiwe nalisikia menoni. Milimani niliibeba kichwani, na watoto wa vijiji walinifuata wakiuliza ni nani kampanda mwenzake.

Lakini nikirudi sasa, uso wangu nitauweka wapi? Baba ni mzee, na wazee huumwa. Aliko yupo. Kesho naelekea Tete kwa Wareno, niandikie huko.

Mumeo,
Zebedayo


Ipyana, 20 Septemba 1912

Zebedayo,

Salamu. Mimi na mtoto ni wazima. Baba yako si mzima.

Aliko amechukuliwa na askari wa boma kubeba mizigo kwenda Tukuyu, yeye na wanaume karibu wote wa huku. Waliobaki nimewaomba. Wanasema mgonjwa ana mwanawe. Tangu juzi chakula kinakaa mlangoni, mbwa wanakula. Jana aliita maji. Nilisimama nje ya ukuta wa mianzi na kibuyu mkononi, nikimsikiliza mpaka akanyamaza.

Nimejichukia, na wewe nakuchukia zaidi. Niambie nifanye nini.

Mkeo,
Angetile


Tete, 2 Novemba 1912

Mke wangu,

Salamu kwako na kwa mtoto. Barua yako imenikuta nimelala na homa wiki ya tatu.

Nilijigamba nchi nne, nimeona nini? Gurudumu. Nimepita milima na mito nikitazama chini, nisije nikaingia shimoni. Ukiniuliza watu wa huko wanakula nini, sijui, maana kila waliponikaribisha niliwaambia nina haraka. Haraka ya kwenda wapi? Sikumjua mtu hata mmoja huko Kepu. Nilitaka tu Ipyana waseme Zebedayo amefika. Chuma hicho nimekiacha kando ya uzio wa duka moja hapa, na hata wezi hawakitaki.

Narudi kwa miguu. Ila nakuonya, Angetile, usiingie kwa baba. Mke wangu akimwona baba yangu katika uchi wa maradhi, nitaishije na watu? Ni heri avumilie mpaka nifike.

Mumeo,
Zebedayo


Ipyana, 19 Desemba 1912

Zebedayo,

Salamu. Mimi ni mzima, Asegelile ni mzima.

Onyo lako limechelewa. Siku ile ile niliyopeleka barua yangu, baba yako aliita tena. Sikukohoa, niliingia. Alikuwa amelala kwenye uchafu wake wa siku tatu. Aliposikia hatua za mwanamke alifumba macho, mgonjwa yule, ili anifichie aibu. Akasema, "Ingia, mwanangu, sikuoni." Nilimnywesha, nikamwosha, nikambadilishia majani ya kulalia. Wiki tano nilimlisha naye amefumba macho, nami nikamzoea uso. Una masikio yake, basi.

Majirani ambao hawakuleta hata ndizi moja ndio waliokuja kunisema. Alipowasikia alimwita mwalimu Lazaro wa kanisani na wazee wawili, akafumbua macho mbele yao, akanitazama. Akasema, "Huyu si mkwe wangu. Kuanzia leo ni mwanangu wa kumzaa. Anayebisha aje anioshe yeye." Nilimwambia ndaga fijo, tata, yaani asante sana, baba, na hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia tangu niolewe.

Alikufa siku ya nne baada ya hapo. Kaburini mwalimu aliuliza nani atatupa udongo wa kwanza, mahali pa mwana. Nikatupa mimi.

Barua yako imefika jana. Nimeirudia mara tatu pale uliposema avumilie, kisha nikaenda mtoni kunawa mikono.

Njoo uishi na watu wako, hakuna atakayekufukuza. Nyumba ya baba nakaa mimi na Asegelile. Wewe utajenga yako, na chakula ukikosa utapewa, maana tumezaliwa na mtu mmoja.

Dada yako,
Angetile